Vinundu vya ngozi vinavyotangulia saratani ya damu

Mtu wa Kondele au Nyalenda, mitaa ya Kisumu, akiota kinundu kifuani kisichouma wala kuwasha, kituo chake cha kwanza ni duka la dawa. Atapewa mafuta ya kupaka. Kisipopungua atapewa antibaotiki, kwa kudhani ni jipu. Wiki zinapita, na kinundu kimoja kimekuwa sita.

Mara chache, vinundu hivyo ni lukemia kutisi, yaani saratani ya damu iliyoingia ngozini. Seli changa za damu, ambazo zilipaswa kukomaa ndani ya uboho wa mifupa, huzaana ovyo, hutoka na kujazana ngozini hadi pakainuka kitu kigumu. Vitabu vingi husema rangi yake ni nyekundu au zambarau. Kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana kahawia iliyokolea tu, kwa hiyo papasa kwa vidole pia, usitegemee macho peke yake.

Seli za aina ya mieloidi, mojawapo ya jamii za seli za damu zinazotoka kwenye uboho, zikifanya donge, jina lake ni sakoma ya mieloidi. Allan Burns, daktari wa Uskoti, alilieleza mwaka 1811. Baadaye liliitwa kloroma, kutokana na neno la Kigiriki la rangi ya kijani, kwa sababu likipasuliwa huweza kuwa na ukijani unaofifia likikaa hewani. Ukijani huo hutokana na kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidesi.

Kwa kawaida mgonjwa huwa tayari anajulikana ana lukemia. Lakini wapo ambao ngozi hutangulia, hata kwa miezi, huku kipimo cha damu kikitoka safi. Hapo ndipo watu hupotea, na inaniuma. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria kuna Kaposi sakoma, saratani yenye mabaka ya zambarau, na kwa watoto kuna limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu inayovimbisha taya na hata eneo la jicho. Kloroma nayo huvimbisha jicho la mtoto. Hakuna jicho la daktari, hata awe hodari vipi, linaloweza kutenganisha yote hayo kwa kutazama.

Jibu liko kwenye kinyama, yaani kipande kidogo cha kinundu kinachokatwa ili kupimwa. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, kisha kipande cha upana wa milimita 4 hivi hukatwa kwa kisu cha duara. Kiingie ndani. Seli hizi mara nyingi huiacha tabaka ya juu ya ngozi bila kuigusa, kwa hiyo kukwangua juu juu hakusaidii. Maabara hupaka kinyama rangi za kingamwili, zinazoonyesha alama za protini kwenye seli: alama za mieloperoksidesi na CD117 huelekeza kwenye mieloidi, CD20 kwenye limfoma ya seli B, aina ya seli nyeupe za damu. Bila rangi hizo, chini ya hadubini sakoma ya mieloidi hufanana mno na limfoma, na dawa zake ni tofauti.

Kisha hufuata hesabu kamili ya damu, slaidi ya damu, na uboho unaotolewa kwenye mfupa wa nyonga. Hata uboho ukiwa safi, sakoma ya mieloidi hutibiwa kama lukemia kali ya mieloidi, kwa kemotherapi. Kulikata donge peke yake hakutoshi, kwani wengi wa walioachiwa hapo lukemia huwaibukia baadaye.

Ukikabidhiwa chupa ya kinyama uipeleke maabara, soma fomu kabla ya kuondoka. Kama mgonjwa ana homa zisizoisha, uchovu, fizi zilizovimba au damu inayotoka puani, mwombe daktari aandike hayo pale.