Samaki Wazee Wakivuliwa, Njia Nayo Hupotea

Kwa vizazi vingi heringi wa Norway walijulikana kwa safari yao. Kila mwaka, kuelekea mwisho wa majira ya baridi, walishuka kusini wakiambaa na pwani hadi kwenye maeneo yale yale waliyotagia mayai waliowatangulia, kisha mkondo wa bahari ukawabeba watoto wao kurudi kaskazini. Wavuvi waliijua njia hiyo na wakapanga kazi yao kwa kuifuata. Halafu, katika miaka michache tu, sehemu kubwa ya samaki hao ikaacha kushuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kitovu cha utagaji kimesogea kaskazini kwa takriban kilomita 800.

Samaki hawakuwa wamekwisha. Uvuvi ulikuwa umewapunguza mno samaki wakubwa, yaani wazee, ambao ndio walioijua njia, na wakati huo huo kizazi kipya chenye idadi kubwa sana kilikuwa kinapevuka. Heringi kijana huijua safari kwa kuandamana na waliokwisha kuisafiri. Wazee walipokuwa wachache kupita kiasi, vijana hawakupata wa kuwaongoza, wakatafuta pao pa kutagia. Watafiti waliita hali hiyo kupotea kwa kumbukumbu ya pamoja.

Nimeanza na heringi kwa makusudi. Watu wengi wakisikia kwamba wanyama hufunzana, mawazo yao huenda kwa sokwe, tembo au nyangumi. Samaki hawamo kabisa. Nasi tunaotafiti tabia za wanyama wa baharini huulizwa zaidi swali moja: wamebaki wangapi? Ni swali la haki, na tunalifanyia kazi kila msimu. Ila lipo la pili ambalo kwangu lina uzito ule ule: hao waliobaki wanajua nini, na walijifunza kwa nani?

Mnyama hupokea urithi kwa njia mbili. Ya kwanza ni jeni. Kasa ni mfano mzuri. Mama hufukia mayai mchangani na kurudi baharini, na mtoto akianguliwa hamkuti mzazi wala mwalimu. Hata hivyo majaribio ya Kenneth Lohmann na wenzake nchini Marekani yalionyesha kwamba watoto wa kasa ambao hawajawahi kuogelea baharini, wakiwekwa ndani ya tangi na kuzungushiwa nguvu ya sumaku inayofanana na ya sehemu fulani ya Atlantiki, huelekea upande ambao ungewafaa kama wangekuwa sehemu hiyo kweli. Ramani yao wanazaliwa nayo. Njia ya pili ni kujifunza kutoka kwa wengine. Jambo likijifunzwa hivyo, likaenea katika kundi na kudumu, wanasayansi huliita utamaduni. Wapo walioliona neno hilo kubwa mno kwa mnyama, na ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi. Binafsi naona ushahidi umeshaumaliza.

Ushahidi wenyewe haupatikani kirahisi. Makundi mawili ya samaki yakiwa na tabia tofauti, huenda yanatofautiana kwa jeni. Huenda pia mazingira yao ndiyo tofauti, na kila samaki amegundua peke yake linalomfaa pale alipo. Kutenganisha mambo hayo kunahitaji jaribio, na mojawapo ya majaribio mazuri zaidi lilifanywa na Robert Warner katika miamba ya matumbawe ya San Blas, Panama.

Warner alimchunguza samaki mdogo wa miamba anayeitwa Thalassoma bifasciatum, ambaye dume lake kubwa lina kichwa cha buluu. Kila siku samaki hawa hukutana kupandana mahali maalumu: ncha ya jiwe, ukingo wa mwamba, bonge la tumbawe lililochomoza. Warner aliona kwamba mahali hapo hapabadiliki. Miaka 12 ilipita, samaki wa mwanzo wakafa wote na vizazi kadhaa vikafuata, na bado walikutana pale pale. Mtu angeweza kusema basi pana ubora fulani ambao kila samaki anauona. Warner akawaondoa samaki wote wa aina hiyo katika baadhi ya miamba, akaweka wengine waliotoka miamba mingine. Wageni wakachagua sehemu nyingine kabisa, nazo zikawa za kudumu kama zile za kwanza. Basi ubora wa mahali haukuwa ndio unaoamua. Mgeni alipaona pasipofaa kitu mahali palipotumiwa miaka yote hiyo, na mwenyeji alipang'ang'ania, kwa sababu mmoja aliwakuta wenzake hapo na mwingine hakumkuta mtu. Katika jaribio jingine alibadilisha madume peke yake, na sehemu za kukutania hazikubadilika. Alipobadilisha majike, zikabadilika. Majike ndiyo yaliyokuwa yameishika mila ya mwamba.

Kwa nyangumi haiwezekani kufanya hivyo. Huwezi kumhamisha mnyama wa tani 30 kutoka bahari moja hadi nyingine ili uone atafanya nini. Hapa mtafiti hutegemea subira na kamera. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi-nundu una mabaka meupe na meusi, makovu na mikato ambayo hakuna wawili wanaolingana, kama alama za vidole vya mtu. Ukiwa na picha za miaka mingi unaweza kujua fulani alionekana na nani, lini, na walikuwa wakifanya nini.

Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zilizofichua kisa cha Ghuba ya Maine, pwani ya mashariki ya Marekani. Nyangumi-nundu wa huko huwinda kwa mapovu: hupiga mbizi chini ya kundi la samaki wadogo, hupuliza hewa huku akizunguka, na ukuta wa mapovu unapopanda samaki husongamana katikati, naye hupanda akiwa ameachama. Mwaka 1980 alionekana mmoja aliyeongeza jambo. Kabla ya kuzama, aliupiga uso wa maji kwa mkia, kishindo kikubwa, kisha ndipo akaenda kutengeneza mapovu yake. Katika miaka hiyo heringi walikuwa wamepungua sana eneo hilo, na nyangumi walikuwa wakiwageukia samaki wengine wembamba wanaojificha mchangani. Kishindo kile kilifaa kwa mawindo hayo mapya.

Mbinu ikaenea. Baada ya miaka 27 ilikuwa ikitumiwa na karibu asilimia 40 ya nyangumi waliokuwa wakifuatiliwa. Jenny Allen na wenzake walipochambua kumbukumbu zote na kuchapisha matokeo mwaka 2013, walikuta kwamba nyangumi aliyeandamana mara nyingi na wanaopiga mkia ndiye aliyekuwa na uwezekano mkubwa wa kuanza kupiga naye. Mbinu ilipita kwenye mtandao wa urafiki wao. Wingi wa mawindo nao ulichangia, na kuwa na mama anayejua mbinu hakukuleta tofauti kubwa.

Hilo la mwisho linavutia, kwa sababu kwa pomboo wa Shark Bay, Australia Magharibi, mambo ni kinyume. Huko baadhi ya pomboo hung'oa sifongo kutoka sakafu ya bahari, huivaa kwenye ncha ya mdomo, kisha hufukua changarawe. Sifongo huwakinga wasichubuke. Wanaowasaka ni samaki wanaojizika mchangani, wengi wao wakiwa hawana kibofu cha hewa ndani ya mwili. Samaki asiye na kibofu hicho harudishi mwangwi mzuri, kwa hiyo mlio ambao pomboo hutumia kusaka gizani haumpati vizuri. Inabidi afukuliwe. Ufundi huo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mwana, na mabinti huushika zaidi kuliko watoto wa kiume. Watoto wote wa ghuba ile huogelea katika maji yale yale, ila anayejifunza ni yule ambaye mama yake anaujua. Pomboo hao hao wana ufundi mwingine: kumkimbiza samaki aingie ndani ya kombe kubwa la konokono, kisha kulibeba kombe hadi juu na kulitikisa mpaka samaki aanguke mdomoni. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba huo wa kombe huenea baina ya marika. Ghuba moja, mnyama mmoja, shule mbili.

Sasa, ikiwa elimu inapita kwa wazee, je, uzee wenyewe unaweza kuwa umeumbwa na faida hiyo? Swali hili linatupeleka kwa orka, anayeitwa pia nyangumi muuaji. Orka jike huacha kuzaa akiwa na umri wa miaka 40 hivi, na anaweza kuendelea kuishi miaka mingine 40 au zaidi. Ni jambo la nadra mno. Wanyama walio wengi huendelea kuzaa karibu mpaka mwisho wa uhai wao, na ndivyo mtu angetarajia, kwa kuwa jeni husonga mbele kupitia watoto. Kwa nini uteuzi wa asili umruhusu bibi kuishi nusu ya maisha yake bila kuzaa?

Jibu limetokana na kazi iliyoanzishwa na Michael Bigg katika miaka ya 1970 kwenye pwani ya Pasifiki ya Kanada, alipoanza kumtambua kila orka kwa pezi lake la mgongoni. Orka wanaokula samoni huko huishi na mama zao maisha yote, wana wa kiume na wa kike. Picha za video zilizochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba majike waliokwisha kuacha kuzaa ndio wanaotangulia mbele ya kundi, hasa katika miaka ambayo samoni ni haba. Bibi ameshapitia miaka ya njaa, na anajua samaki walipatikana wapi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2012, ulikuta kwamba dume aliyezidi miaka 30 akifiwa na mama, hatari ya yeye kufa katika mwaka unaofuata huongezeka mara 14. Ni watu wazima hao, wakubwa kuliko mama zao kwa mwili. Wale wanaoitwa orka wakazi wa kusini hawafiki 80 kwa sasa, na katika kundi dogo namna hiyo kifo cha ajuza mmoja hakiwezi kuhesabiwa kuwa ni kupungua kwa mmoja tu.

Kujifunza kunaweza pia kumwokoa mnyama dhidi yetu. Hal Whitehead na wenzake walisoma kumbukumbu za meli za karne ya 19 zilizowinda nyangumi wa aina ya Physeter macrocephalus, wale wenye kichwa kikubwa cha pembe nne, katika Pasifiki ya Kaskazini. Walikuta kwamba katika miaka michache tu baada ya uwindaji kuanza eneo hilo, mafanikio ya kuwachoma kwa chusa yalishuka kwa zaidi ya nusu. Muda ulikuwa mfupi mno kwa jeni kubadilika. Nyangumi walikuwa wamezoea kujikinga na orka kwa kukusanyika pamoja, jambo lililowarahisishia kazi wenye chusa. Wakajifunza kukimbia dhidi ya upepo, ambako meli za matanga hazikuweza kuwafuata, na habari ikasambaa upesi hata kwa ambao hawajawahi kuwindwa.

Haya yote yameanza kuingia katika maamuzi. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Mkataba wa Wanyama Wanaohamahama zilipitisha azimio linalotambua utamaduni wa nyangumi na pomboo, na mwaka 2017 zikakubaliana kuchukua hatua za pamoja kuhusu nyangumi hao wa kichwa kikubwa wa Pasifiki ya mashariki, ambao hugawanyika katika koo zinazotofautiana kwa lahaja za milio yao. Maana yake ni kwamba ukoo mmoja ukitoweka, pengo halizibwi na hesabu ya koo nyingine.

Kwa upande wa samaki tumechelewa. Kanuni nyingi za uvuvi bado hulinda wadogo na kuwaachia wavuvi wakubwa. Napendekeza wakubwa nao wawekewe ukomo: samaki aliyezidi kipimo fulani arudishwe majini. Sababu ya uzazi peke yake ingetosha, kwa maana chewa jike wa Atlantiki mwenye kilo 30 hutoa mayai mengi kuliko majike 28 wenye kilo mbili mbili. Ongeza njia anazozijua. Elimu ya namna hii ikipotea hurudi polepole: kondoo wa milimani waliohamishiwa maeneo mapya ya Marekani walihitaji miongo kadhaa kabla wengi wao hawajaanza tena kuhama kufuata malisho.

Na wewe unayekwenda baharini unaweza kusaidia. Ukikutana na nyangumi-nundu, piga picha ya upande wa chini wa mkia anapozama, andika tarehe na mahali, uipeleke kwa watafiti wanaokusanya picha hizo. Ukiwakuta mama na mtoto, punguza mwendo, kaa mbali, wala usipite katikati yao.