Sensa ya gololi ikigoma, anza na taa

Mashine ya pinboli (mchezo wa kupiga gololi ya chuma mezani) ya Williams au Bally, zile zilizoundwa Chicago miaka ya 1990, ikianza kurusha gololi mbili kwa mpigo, au ikipigapiga koili zake (sumaku za umeme zinazosukuma gololi) kutafuta gololi ambayo imetulia mferejini, pale gololi zinaposubiri kurushwa, wengi hukimbilia kulaumu bodi kuu. Subirini kwanza. Tazameni sensa za mfereji huo: upande mmoja taa ya infraredi, upande wa pili fototransista inayopokea mwanga. Gololi ikikaa katikati, mwanga unakatika na mashine inajua kuna kitu.

Mafundi wenzangu, kinachochoka ni taa. Kipokezi hufa kwa nadra. Taa huwaka muda wote mashine ikiwa imewashwa, ichezwe isichezwe, na miaka inavyopita inafifia. Macho hayaoni infraredi, lakini kamera ya simu huiona kama nuru ya zambarau. Tumia ya mbele, maana ya nyuma mara nyingi ina kichujio kinachozuia infraredi. Linganisha kila taa na jirani zake. Isiyoonekana kabisa, ipime kwa mita: taa nzima inayopata umeme huwa na takriban volti 1.2 kati ya miguu yake. Ukikuta karibu volti 12, taa imekatika ndani.

Hata hivyo, usiagize kifaa kabla hujaichunguza lehemu. Zima mashine, toa bodi ndogo iliyobeba taa hizo, itazame kwa kioo cha kukuzia. Gololi ya chuma ya gramu 80 inatua hapo mchezo baada ya mchezo, na mtikisiko huo huacha ufa mwembamba wa duara kuzunguka mguu wa taa. Yeyusha lehemu ya zamani, ongeza mpya kidogo. Mara nyingi kazi inaishia hapo, bila kununua chochote.

Ikibidi kubadilisha, mimi hutumia taa ya QED123 na kipokezi cha QSD124, zote za nanomita 880 hivi. Piga picha kabla ya kung'oa. Ukigeuza miguu, taa haiwaki.

Kwenye kipimo cha swichi, T.1 katika menyu ya majaribio ya mashine, kumbuka sensa hizi huhesabika kama swichi zilizofungwa pale mwanga unapopita. Jaribu kwa gololi yenyewe, si kwa karatasi: karatasi nyembamba hupitisha infraredi, ukadhani sensa mpya ni mbovu.