Kuosha kifua wakati wa upasuaji wa saratani ya mapafu: maswali na majibu

Ripoti ya upasuaji wa baba inasema kifua kilioshwa na maji yakapelekwa maabara. Kwani kulikuwa na uchafu?

Hapana. Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na mbavu kwa ndani zina utando wake. Kati ya tando hizo mna unyevu kidogo tu, vijiko vichache kwa mtu mzima, ili pafu liteleze tunapopumua. Saratani ikitoboa utando wa pafu, au ikipenya kupitia mishipa ya limfu, seli zake hudondokea humo. Kwa macho hazionekani. Kwa hiyo daktari akishafungua kifua humimina maji safi ya chumvi, yale yale ya dripu, huyatembeza taratibu, kisha huyafyonza na kuyatuma maabara.

Yanamiminwa kabla au baada ya kutoa uvimbe?

Kipimo chenye uzito zaidi ni cha kabla, pafu likiwa halijaguswa. Kushika na kukata uvimbe kwenyewe kunaweza kumwaga seli, na hapo huwezi kujua zilikuwamo tangu mwanzo au zimemwagwa na mkasi. Wako madaktari wanaoosha mara mbili ili walinganishe.

Maabara wanatafuta nini?

Maji huzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi seli zitulie chini kama machicha. Machicha hayo hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Rangi inayotumika sana ni ya Papanicolaou, ile ile ya kipimo cha Pap cha shingo ya kizazi. Kazi si rahisi: seli za kawaida za utando zikisumbuliwa na uvimbe au maambukizi huvimba na kufanana na za saratani. Mtaalamu akishuku huongeza vipimo vya kingamwili, yaani protini zinazonata kwenye seli za aina fulani tu.

Seli hizo hukutwa mara nyingi?

Mwaka 2010 watafiti wa nchi mbalimbali walikusanya takwimu za wagonjwa 8,763 waliokatwa pafu kwa saratani isiyo ya seli ndogo, aina iliyo ya kawaida zaidi. Waliokutwa na seli walikuwa 511, yaani kama 6 katika kila 100. Kwa wastani hao waliishi muda mfupi kuliko wenzao, hata hatua ya ugonjwa ilipozingatiwa.

Majibu ya baba ni “chanya”. Ndiyo hatua ya nne?

Kwanza neno lenyewe: chanya hapa si habari njema, maana yake seli zimeonekana. Lakini si hatua ya nne, na hapa ndipo familia nyingi huchanganya. Mtu mwenye “maji kwenye mapafu”, yaani maji yaliyojikusanya yenyewe nje ya pafu, yakikutwa na seli za saratani ugonjwa huhesabiwa umesambaa: M1a, hatua ya nne. (Maji hayo huletwa pia na kifua kikuu au moyo kushindwa kazi, kwa hiyo lazima yapimwe.) Baba hakuwa na maji, daktari ndiye aliyeyaweka. Seli zilizookotwa humo hazipandishi hatua kuwa ya nne. Kwenye ripoti unaweza kuona R1 (cy+), alama ya kuonyesha kwamba huenda kuna seli zilizobaki hata kama uvimbe wote umetolewa. Watafiti wale wa 2010 walipendekeza kiwango cha T, yaani kipimo cha ukubwa wa uvimbe na ulikofika, kipandishwe ngazi moja. Kwa maoni yangu pendekezo hilo linapima uzito wa jambo vizuri: ni onyo kubwa, lakini si hukumu.

Matibabu yanabadilika?

Hakuna dawa maalumu ya hali hii. Tibakemikali baada ya upasuaji huamuliwa kwa ukubwa wa uvimbe, tezi za limfu na nguvu za mgonjwa. Majibu haya huingia kwenye mizani hasa pale ugonjwa ni wa hatua ya kwanza na daktari alikuwa na mpango wa kumfuatilia mgonjwa tu.

Mjomba alifanyiwa upasuaji kama huo, mbona ripoti yake haina kipimo hiki?

Japani kimezoeleka sana. Hospitali nyingi kwingineko hazikifanyi, na kutokuwepo kwake si uzembe. Kwa baba, muulizeni daktari mambo matatu: maji yalichukuliwa kabla ya pafu kuguswa? Uvimbe ulikuwa umefika kwenye utando? Tezi zilikutwaje?