Kabstoni haijatoka kwenye "kukaba"

Wana Kigoma hii habari ya kabstoni tuiweke sawa. Kuna fundi pale Mwanga alikuwa anamwelekeza kijana wake, akamwambia kabisa haya mawe ya pembeni ya barabara yanaitwa kabstoni kwa sababu yanakaba pevingi zisitembee, na kijiwe kizima kikaitikia.

Hapana bwana. Neno ni la Kiingereza, kerbstone, na hilo kerb Waingereza nao walilitoa Kifaransa cha zamani, courbe, yaani kilichopinda, na huko lilitoka Kilatini. Mwanzoni lilikuwa jina la mkanda unaopita chini ya taya la farasi, ukivuta hatamu unambana asikimbie, halafu likaenda kwenye ule mzunguko wa mdomo wa kisima, ndo baadae likahamia barabarani. Kwahiyo fundi asili kaikosa ila farasi alikuwa anakabwa kweli hahaha.

Wengine wanasema Wamarekani wanakosea kuandika curb. Wala, curb ndo ya zamani. Waingereza ndo waliamua kugawa, kerb iwe ya jiwe la barabarani na curb iwe ya kuzuia, Wamarekani wakabaki na moja.

Inayoniudhi ni hii ya "urembo tu huo, hela ya bure". Simama Lumumba mvua ikipiga uone maji na udongo mwekundu vinavyoshuka toka juu kwenda stesheni. Kabstoni ndo inayabana yaende mtaroni, ikishang'oka maji yanaingia chini ya lami na ukingo unaanza kumeguka kama andazi la jana. Ila nayo lazima ifungwe vizuri, zege chini na zege lingine mgongoni, maana ukiipanga juu ya mchanga mtupu lori la mawese likikanyaga mara moja tu imelala chali.

Na mnaosema zilikuja na magari, mji wa Pompeii kule Italia ulifukiwa na volkano mwaka 79 baada ya Kristo na kingo za mawe za barabara zake bado zipo.

Halafu pale kwenye kivuko zinaposhushwa usawa wa lami, sio mlango wa bodaboda kupanda njia ya waenda kwa miguu. Ni kwa ajili ya baiskeli za walemavu, nyie wa bodaboda pakini huko.