Mazuku ni nini hasa: gazi inayojaa shimo kama maji

Kila mtu aliyekomalia Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo kando ya ziwa Kivu, upande wa Himbi, Keshero, Mugunga mpaka kule Sake anajua hilo jina tangu utoto. Mama anakuambia usipitie kwa lile shimo asubuhi kuna mazuku, basi, unashika vile, hakuna mtu anakaa chini akuelezee ni kitu gani. Wengine wanasema ni upepo mbaya, wengine wanaweka mambo ya mashetani, na siwalaumu kabisa, kitu kinaua mbuzi bila kidonda, bila moshi, bila harufu, utasema nini? Lakini kuna maelezo, na yako wazi. Na tena hii neno ni yetu, wanasayansi wa volkano wa Ulaya na Marekani wameichukua vile vile, wakiandika kazi zao wanaandika mazuku, hawakuitafutia ingine.

Mazuku si pepo. Ni hewa ukaa, CO2, ile kwenye masomo tuliita gazi karboniki, ile ile unatoa mu pua ukipumua, ile ile inapandisha mapovu ukifungua chupa ya sukre. Inatoka chini sana, kwa mawe yaliyoyeyuka chini ya hizi volkano zetu, inapanda mu nyufa za bonde la ufa. Ikifika juu ikakuta fasi wazi yenye upepo, inatawanyika, hakuna shida. Ikikuta shimo, ao bonde dogo kati ya lave za zamani (mawe volkano ilitapika), ao pembe ya parseli iliyozungushwa ukuta wa mawe, inabaki pale na kuongezeka. Hiyo fasi ya chini yenye gazi imejikusanya njo mazuku. Na haingoji Nyiragongo ilipuke, mlima unaweza kutulia miaka na gazi inaendelea kutoka pole pole kila siku.

Kwa nini haipandi ikaenda zake? Sababu ni nzito, uzito wake ni kama mara 1.5 ya hewa ya kawaida. Kwa hiyo inafanya kama maji, inatelemka, inajaza mabonde, na ina usawa wake wa juu, ile fasi gazi inaishia na hewa nzuri inaanzia, tofauti ni wewe huuoni kwa macho. Watu wengi wanauliza mazuku iko wapi, mi naona swali la kwanza ni iko juu kiasi gani. Kama imefika kwa magoti, mtu mzima anapita amesimama bila kujua kitu, mtoto anayetambaa yuko ndani mpaka kichwa, na mwenye analala juu ya mkeka chini anaivuta usiku mzima.

Hii niliiona kwa macho yangu. Tulikuwa na jirani, mama mmoja, jioni alifunga mbuzi yake kando ya ukuta mu parseli isiyojengwa, fasi ya chini yenye majani mazuri. Asubuhi mbuzi imelala upande, majani bado mu kinywa, hakuna damu, hakuna alama ya mbwa, na karibu yake mijusi miwili na kandege kamoja, vyote vimekufa. Hatua tatu tu kupanda mteremko, kuku za yule yule mama zilikuwa zinakwarua udongo, nzima kabisa. Wakubwa walisema mengi siku ile. Mi leo naelewa zile hatua tatu njo zilikuwa kila kitu.

Halafu kuna saa. Usiku udongo unapoa, upepo unalala, hakuna kitu cha kuchanganya gazi na hewa ya juu, inakaa na kuongezeka mpaka alfajiri. Jua likipanda, hewa ya chini inapata joto inapanda, upepo wa ziwa nao unaanza, shimo linapungua. Njo maana shimo moja saa nane mchana watoto wanacheza mule, na saa kumi na moja asubuhi mtu anaingia kutafuta kuni na hatoki. Ndugu zetu wa Kameruni waliona hii kwa kipimo kikubwa mno: usiku wa 21 Agosti 1986 ziwa Nyos lilitapika CO2 kwa mara moja, ikatelemka mabondeni kwa watu waliolala, wakafa kama 1,700.

Hapa watu wanachanganya mambo. Ule moshi wa Nyiragongo unaokereketa koo na kuharibu maji ya mvua ni gazi ingine, ya salfa, ile inanuka. Na gazi ya ziwa Kivu imeyeyuka chini sana mu maji, hiyo ina hadithi yake. Mazuku haina harufu.

Mu mwili inafanya nini? Hewa ya kawaida ina CO2 kama 0.04% tu. Ikifika karibu 5% unaanza kuhema, kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, juu ubongo unapima CO2 ya damu kila wakati na unakusukuma utoe ile imezidi, lakini utaitoa wapi wakati ile unavuta nayo njo ile ile. Karibu na 10% mtu anaweza kuzimia mu dakika chache, na ikifika 30% ni pumzi chache tu unaanguka. Na ukianguka umeangukia fasi gazi iko mingi zaidi.

Njo maana wanakufa wawili wawili. Mtoto ameanguka, baba anaruka ndani, anainama amnyanyue, anavuta pumzi pale chini, naye anabaki. Hiyo inaniuma kuliko yote juu ni upendo unamuua. Kama kuna kamba ao ndoano ndefu, mvute kutoka juu, usiingie. Akitoka mpeleke fasi ya upepo, kama hapumui mpulizie pumzi, mkimbize hospitali wampe oksijeni. Maziwa hayasaidii, hii si sumu ya tumboni.

Wazee walikuwa wanashusha koroboi mbele yao, moto ukizimika wanarudi. Ilisaidia, lakini moto unaweza kuendelea kuwaka hata wakati gazi imeshafika kiasi cha kukuumiza, na siku hizi tunatembea na tochi ya simu, hiyo haizimiki hata kwa gazi tupu. Kipimo cha kweli ni kale kamashine ka mkononi, kanapitisha mwanga wa infraredi ambao CO2 inaumeza, kanahesabu uliomezwa. Mtu anaweza kuuliza, na satelaiti? Iko moja ya Marekani, OCO-2, inapima CO2 kutoka angani tangu 2014, ila kila doa inalopima lina upana wa kilometa na zaidi, na mazuku inaweza kuwa mita tano nyuma ya jikoni yako. Lazima mtu atembee kwa miguu, ashushe mashine mpaka chini kabisa, si kwa kifua.

Na sasa watu wamejenga mpaka mu mashimo yenyewe, wakimbizi nao waliweka bashi zao (hema za plastiki) mu kambi za Bulengo na Lac Vert sababu hawakuwa na fasi ingine, walikuwa wanalala chini, bashi imefungwa vizuri sababu ya baridi. Kama unajua mtu analala vile upande huo, muulize kama anaamka na kichwa kizito kinachopona akishatoka nje. Akikubali, asingoje, ahamie fasi ya juu. Kama hana kwa kwenda, basi apandishe kitanda hata kwa matofali, atoboe tundu chini ya ukuta kwa upande wa mteremko ili gazi itelemke itoke, na watoto walale wa juu kuliko wote.