Mto umejaa, au shamba lako limehama? Dhana za udongo na maji Nyanda za Juu Kusini

Kati ya Mbeya na Makambako, mvua za Januari zikikolea, mito inayopita chini ya barabara kuu huwa na rangi ya chai ya maziwa. Abiria husema mto umejaa. Umejaa udongo wa milima ya Uporoto na Kipengere unaohamia bonde la Usangu, tena ule wa juu, wenye samadi na mbolea uliyonunua kwa mkopo. Hizi hapa dhana tano zinazouhamisha udongo huo na kuharibu maji, kila moja na jibu lake.

“Matuta yakishuka na mteremko, viazi haviozi.”

Hofu hii ina msingi, maana maji yakituama kwenye tuta, kiazi huoza. Lakini tuta linaloshuka moja kwa moja ni mfereji: maji hushika kasi, hukomba udongo, na baada ya misimu michache kichwa cha shamba hubaki chekundu huku mpakani chini udongo ukirundikana kwa jirani. Matuta yakate mteremko, yakiinama kidogo tu kuelekea njia ya maji iliyooteshwa nyasi. Hapo maji ya ziada hutoka yakitembea, hayakimbii. Kwenye mteremko mkali ongeza fanya juu: chimba mtaro, udongo utupe upande wa juu, kisha panda matete juu ya tuta hilo. Ng’ombe naye atashukuru.

“Kupima kontua kunataka mtaalamu na mashine.”

Kupima kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, kunataka fito tatu, kamba na jiwe. Funga fito ziwe fremu ya umbo la A, ning’iniza jiwe kutoka kileleni. Weka alama kamba inapogusa fito ya katikati, badilisha nafasi za miguu ya fremu, weka alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tembea nayo ukikata mteremko, ukichomeka vigingi kila mguu unapokaa sawa. Watu wawili wataipima ekari asubuhi moja.

“Shamba ni la babu, nalima mpaka ukingoni.”

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haiulizi babu. Inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hata hivyo tuseme kweli: ekari ya mraba ina upande wa mita 63 na ushee. Ukitoa 60 umebaki na kibaraza. Na vinyungu, yaani bustani za bondeni, ndivyo vilivyolisha nyumba nyingi za Iringa na Njombe wakati wa kiangazi. Anayewaondoa watu bondeni bila kuzungumza nao watakula nini, atawakuta wamerudi Agosti. Mahali pa kuanzia ni ukanda wa nyasi usioguswa na jembe, unaochuja tope kabla halijaingia mtoni.

“Mti ni mti, panda milingoti kwenye chemchemi.”

Mlingoti, yaani mkaratusi, hukua haraka na hunywa sana. Uache mlimani, mbali na maji, utakupa nguzo. Chemchemini weka miti ya asili kama mivengi na mikuyu.

“Dawa ikiingia mtoni inayeyuka, haina neno.”

Baadhi ya dawa za wadudu huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Bomba la kupigia dawa lisuuzwe shambani, na maji ya kusuuzia yanyunyiziwe humohumo kwenye zao lililopigwa dawa.