Afya ya mbwa haipimwi kwa bei yake

Hapa Mwanza imezoeleka kuaminiwa kwamba mtoto wa mbwa anayenunuliwa ni mzima, ilhali yule anayeokotwa mwaloni Kirumba, akivizia mabaki ya samaki, lazima amebeba kichaa. Imani hiyo si sahihi, na imewanyima makao wanyama wengi wasio na kosa.

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyoenezwa hasa kwa kung'atwa na mnyama aliyeambukizwa. Havibagui mbwa wa kizungu na wa kienyeji, na kinga yake ni chanjo, ambayo kwa kawaida hutolewa mtoto wa mbwa anapofikisha umri wa miezi 3 na kurudiwa baadaye. Mtoto wa wiki 6 anayeuzwa ndani ya boksi, hata manyoya yake yapendeze vipi, kwa kawaida bado hajaipata. Aidha, ugonjwa wa parvo, unaosababisha kuhara damu na kuua upesi, huchukua takribani siku 3 hadi 7 kabla ya dalili kuonekana, ndiyo maana mtoto aliyerukaruka siku ya kununuliwa anaweza kukutwa wiki hiyohiyo amejikunyata pembeni, akikataa hata maji.

Mbwa mkubwa aliyeokotwa, umbo na tabia yake vimekwisha kuonekana, faida ambayo naona haisemwi vya kutosha. Apelekwe kwa daktari wa mifugo achunguzwe, apewe dawa ya minyoo na chanjo. Anayenunua naye adai cheti cha chanjo chenye tarehe kabla ya kutoa fedha.